Vidonge Havigawanywi Kama Mahindi

Kijiji cha Ujamaa Zombo,
S.L.P. Kilosa.
17 Agosti 1975

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta na nafuu, wewe na kaka Yeremia na wote hapo Mamboya. Ukitaka kujua hali yetu, sisi ni wazima, na mimi ni mzima kuliko wanavyokusimulia. Mkono unaoandika haya ndio uliosemwa umepooza, na mwandiko unauona mwenyewe.

Kaka ameniandikia kwamba lile rovu la shingoni sasa linakubana hata unalala umekaa, umeegemea ukuta kama mlinzi wa ghala, na bado umekataa katakata kupasuliwa. Sababu, anasema, ni mimi. Eti umesikia Lea alipasuliwa rovu lake akatoka hospitalini na kifafa. Mama, sina kifafa. Nisikilize kwanza, kisha ukatae ukipenda.

Ni kweli nilianguka, tena mbele za watu, tukichuma pamba kwenye shamba la kijiji. Tangu asubuhi midomo ilikuwa ikinichonyota na vidole vinakufa ganzi, nami kwa ubishi wangu unaoujua nikaendelea na kazi. Ghafla vidole vya mikono yote miwili vikajikusanya na kukaza, kama mtu anayechota chumvi kidogo, nisiweze kuvikunjua. Watu wakapiga kelele kwamba nisiguswe, eti ni kifafa. Donati, tabibu wa zahanati yetu, ndiye aliyewafukuza, akanipakia kwenye lori la pamba hadi Kilosa. Huko nilidungwa sindano ya mshipani, polepole sana, na vidole vikafunguka huku nikivitazama.

Daktari akanieleza tena kwamba nyuma ya tezi ya shingoni kuna vijitezi vingine, vidogo kama punje za mtama, vinavyotunza madini ya chokaa ndani ya damu. Vyangu viliumia rovu lilipokuwa linatolewa. Chokaa ikipungua, misuli inakaza, basi. Ndiyo maana nilipewa vidonge. Akaniuliza kwa nini nimeviacha. Nikamwapia kwamba sijaviacha, navinywa kila asubuhi kwenye uji, maana ni vikubwa na mama mkwe wangu, Bibi Generoza, ndiye anayenisagia.

Tuliporudi nyumbani nilimweleza Bibi Generoza aliyosema daktari. Unamjua, ndiye mgawaji wa mahindi hapa kijijini, hajawahi kumpunja mtu. Mwishowe akasema yote. Wanawake waliohamia hapa kutoka Lumuma, wenye marovu kama sisi, waliona shingo yangu imekuwa laini. Kwamba nilipasuliwa walijua, ila kidonge kinapendeza kuliko kisu, wakaamua ni vidonge vilivyoliyeyusha rovu langu. Basi akawagawia sawa kwa sawa, kila mmoja kipande chake, na mimi kipande changu kwenye uji. Simoni mume wangu alifoka, akamuuliza mama yake kwa nini hakusema. Yeye akajibu kwamba katika kijiji cha ujamaa mtu haachwi na rovu wakati jirani yake ana dawa. Nilikuwa nimekasirika vibaya, lakini hapo nikacheka mpaka mbavu zikaniuma.

Sasa vidonge nameza mwenyewe. Bibi Generoza anatubu kwa maziwa: Mmasai akipita tu na kibuyu, nasimamiwa mpaka nimalize kikombe. Dagaa natafuna na mifupa yake. Kila ninapoitwa Kilosa kupimwa damu naenda. Midomo ikianza kuchonyota sibishani nayo tena, nameza kidonge na kumwita Donati. Nalima, napika, nalala chali usiku kucha.

Lakini kuna jambo nilikuficha. Nilikwambia vidonge ni vya majuma machache tu. Si kweli. Tangu nilipopasuliwa daktari alikwisha kuniambia kwamba nitavimeza maisha yangu yote, kwa sababu vile vijitezi havitapona. Nililia siku ile, mama, kisha nikakudanganya, kwa kuwa nilijua unatafuta sababu ya kukataa, nami sikutaka kukupa. Sasa nimekupa. Safari hii nilimuuliza pia kama na wewe yatakupata haya. Hakunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa: alisema huenda yakakupata, huenda yasikupate. Nikamuuliza ukikaa bila kupasuliwa itakuwaje. Akasema rovu linalombana mtu mpaka alale amekaa halisubiri.

Kwa hiyo nimekwisha kukuombea kitanda. Panda lori Jumatano, Simoni atakupokea Kilosa. Kama ni vidonge, tutavimeza pamoja na tutanunia maziwa pamoja. Sikuombi ushujaa. Njoo na huo woga wako wote, hata mimi niliingia nao.

Nisalimie jirani yetu Bibi Elizabeti, na umsomee barua hii kwa Kikaguru, hata pale ninapojitia aibu. Bibi Generoza anakuamkia, anasema safari hii hatagawa kitu.

Sina mama mwingine wa kuandikia. Njoo.

Mwanao akupendaye,
Lea