Sauti ya Okoth Ndani ya Filamu

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umeketi, maana nakujua, ukipokea karatasi unaisoma umesimama jikoni kama mtu anayengoja kuitwa. Kaa kwanza. Magoti yanaendeleaje? Mkweo Neema aliniambia baridi ya asubuhi ya ziwani imeyaamsha tena. Mimi ni mzima. Baridi ya huku Kanada siwezi kumweleza mtu wa Igogo akanielewa, kwa hiyo nakuambia tu kwamba lile sweta uliloniletea stendi siku ya safari nalivaa ndani ya koti mpaka leo.

Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu unayoijua. Kwenye simu nikimtaja mdogo wangu Okoth tu, unasema sauti inakatika, halafu unampa Neema simu. Barua hii nimempa ndugu mmoja wa Musoma anayekuja likizo, na ameahidi kuiweka mkononi mwako mwenyewe.

Bado nafanya kazi ile ile ya kusafisha ukumbi wa sinema. Watazamaji wakitoka, sisi tunaingia na mifagio, tunafagia bisi na kuokota glovu walizosahau. Faida yake ni kwamba mfanyakazi haulizwi tiketi, na nikimaliza zamu hukaa kiti cha nyuma nikaangalia. Siku hizi wanaleta sana filamu za kutisha, na zile za kisayansi zenye vyombo vya anga na mashine zinazofikiri. Nimeziona karibu zote. Lakini siwezi kuziona kama wenzangu wanavyoziona, kwa sababu masikioni mwangu kila filamu bado inatafsiriwa na mdogo wangu.

Unakumbuka alivyokuwa na kipaza sauti pale kwenye banda la video. Mzungu akisema neno moja, yeye anasema kumi. Chombo cha anga kikishuka jangwani, Okoth anatangaza kwamba kimetua Mirongo, wauza nyanya wasogeze meza. Msichana akishuka ngazi kwenye giza, anamwuliza, "Dada, kwenu hawakukufundisha kupiga hodi?" Watu walicheka mpaka benchi likavunjika, na wewe uliyekuwa ukiuza maandazi mlangoni, ukisema filamu zile ni za shetani, nilikuona ukijifunika kanga usoni ili ucheke. Na kila filamu aliifunga kwa maneno yake yale yale: "Imekwisha, jamani. Aliyekufa amekufa, aliye hai aende akale." Banda zima lilikuwa linayasema pamoja naye huku wakitoka.

Huku watu wanaangalia kimya. Wanaogopa kimya na wanalia kimya, kila mtu na bisi zake. Huwa nasikia upweke sana humo ndani.

Basi ngoja nikueleze nilichokiona, maana ndicho kilichonifanya niandike. Ya kwanza ni ya kutisha. Familia inanunua nyumba ya zamani, kumbe chini ya sakafu kuna bibi harusi aliyefukiwa bila ibada wala jina. Anabisha chini ya mbao kila wakikaa kula. Nusu ya kwanza ni nzuri kweli, maana huoni kitu, unasikia tu kubisha na vijiko vinatetemeka. Halafu wakaiharibu kwa kumwaga damu kama machinjioni. Lakini kilichoniudhi zaidi ni kwamba waliita wataalamu wenye vyombo vya kupima ubaridi wa hewa, na hakuna hata mmoja aliyemwuliza yule binti anataka nini. Mtoto mdogo wa kwetu Rorya angewaambia anataka kuzikwa. Mwishoni wakahama, wakamwacha pale pale.

Ya pili ni ya anga. Nahodha anapotea na chombo chake mbali kuliko nyota, na mke wake anakwenda kila siku kwenye kituo cha mawasiliano kusikiliza kama kuna sauti. Anazeeka kwenye kile kiti. Siku moja sauti inakuja, na mume anarudi akiwa kijana vile vile. Ukumbi mzima ulilia. Mimi sikulia, nilikasirika. Nilijisemea kwamba aliyeandika hii hajawahi kukaa ufukweni akimngoja mtu, na hajui anamdanganya nani.

Ya tatu haina damu wala nyota, na ndiyo iliyonitisha. Mama mmoja amefiwa na kijana wake. Anaipa mashine sauti zote za mwanawe zilizorekodiwa, na mashine inaanza kuongea naye kwa sauti ile. Mwanzoni ni tamu, wanataniana, hata mimi nilitabasamu. Taratibu anaacha kwenda kwa majirani. Mkwe wake anamletea chakula, yeye anakigawa, anaweka sahani nyingine upande wa pili wa meza, mbele ya mashine. Filamu inaishia hapo, kwenye sahani ile, chakula kimepoa. Taa ziliwaka nikashindwa kuinuka. Yule mama wa Kifilipino ninayefanya naye kazi alinikuta nimekaa, akaniangalia, akauchukua ufagio wangu na kufagia upande wangu.

Mama, hapa nakuomba usimlaumu Neema. Ni mimi niliyemwuliza, naye alikataa kwanza. Nikamwuliza tena kwa kumwapisha, ndipo akaniambia. Kwamba mchana ukitoka kanisani au sokoni unachomeka kwenye runinga flashi yenye filamu alizozitafsiri Okoth, ile uliyoipata kwa wauza filamu wa Mirongo. Kwamba unacheka pale alipokuwa anachekesha. Kwamba sahani yake bado unaiweka, na wewe mwenyewe huli. Na kwamba filamu ikikaribia kwisha unainuka na kuizima, unasema kuna kitu kinaungua jikoni, hata kama jiko halijawashwa.

Niliposikia hilo nilielewa usichotaka kukisikia: ni yale maneno yake ya kufungia.

Najua ulichowaambia wazee walipokuja kwa ajili ya mazishi. Baba mkubwa alinisimulia. Ulisema, "Sitazika tunda wakati mwanangu anaongea." Upepo uliipindua boti aliyokuwamo Okoth mchana, akiwa anapeleka jenereta na filamu kwa wavuvi wa visiwani. Wenzake wote walipatikana, wengine wazima, wengine maiti. Okoth peke yake ndiye ziwa halikumrudisha. Sikulazimishi kukubali jambo jepesi, Mama. Ni zito, na mimi lilinishinda kulisema kwa muda mrefu kama wewe.

Lakini desturi ya tunda la mti wa yago hatukuibuni sisi. Waliotutangulia waliishi na ziwa hili, na walijua kuna siku halirudishi mtu. Ndiyo maana wakasema lichukuliwe tunda lile, refu na zito kama mchi, livikwe shuka, lilazwe kaburini kwa jina la aliyepotea, ili awe na mahali. Zamani nililiona ni jambo la kizee. Baada ya kumwona yule bibi harusi akibisha chini ya mbao, sioni tena hivyo. Wazungu wana mashine za kila namna kwenye filamu zao, na hawajapata dawa kama hiyo. Mchungaji naye amekubali kuja kuomba, na mti uko nyuma ya boma la Baba mkubwa. Wanangoja neno lako tu.

Na yuko Neema. Hajavaa nguo za msiba na hajui kama avae. Anapita sokoni, watu hawajui wampe pole au wamsalimie tu, wengine wanajifanya hawajamwona. Yeye si mke wala si mjane, na hawezi kukuambia haya kwa sababu anakupenda na anakuogopa. Nimemsikia akilia kwenye simu huku akijifanya ana mafua.

Mimi sitaweza kuja, vibali vyangu bado vinashughulikiwa na nikitoka sasa sitaruhusiwa kurudi. Inaniuma, na ninaomba Baba mkubwa atupe udongo kaburini kwa niaba yangu. Nimeshamwambia wasinisubiri. Wewe pia usinisubiri mimi, wala ziwa.

Flashi usiitupe. Sisemi hivyo hata kidogo. Sauti ni yetu, mtoto wa Neema ataisikia akikua na ajue baba yake alivyowachekesha watu. Ninachoomba ni kitu kimoja. Kabla hamjapanda gari la kwenda Rorya, kaeni sebuleni mchana, wewe na Neema, mwangalie ile ya mwisho aliyoitafsiri.

Mfikishie Baba mkubwa heshima zangu, na mkewe aliyetulea sisi wawili tulipokuwa shuleni. Msalimie jirani yetu fundi cherehani, na akina mama wa kwaya wanaokuja kukuona. Mtoto wa Neema mbusu kwenye paji la uso, mwambie baba yake mkubwa wa Kanada anamkumbuka.

Na filamu ikikaribia kwisha, Mama, usiinuke. Jikoni hakuna kinachoungua. Mshike Neema mkono, mwache Okoth aseme mwenyewe yale maneno yake ya mwisho. Halafu, kama alivyosema, mwende mkale.

Ni mimi mwanao wa kwanza,
Odhiambo