Maji Baridi ya Utete

Kibiti

Mjukuu wangu, mume wangu Idi,

Asalaam aleikum. Sisi wazima; mama yako kavuna mpunga, goti langu tu ndilo linalogoma. Barua yako imeninyima utulivu, kuijibu nimeanza mara tatu.

Unasema matumbawe yako yamejikunja tangu uyahamishie tangi jipya, nawe unayasogeza kila saa. Acha! Enzi za Mwingereza nilimfanyia kazi Utete bibi mmoja wa Kizungu, aliyefuga matumbawe kwenye tangi la kioo. Siku moja akitoka aliniambia, "Jua likizidi, yatilie maji baridi." Alitaka yapoe. Lakini kwetu delta, maji baridi ni maji yasiyo na chumvi. Nikachota mtoni, nikamimina ndoo nzima. Jioni yote yamekufa.

Tangi likajazwa maji ya bahari upya, na baba yangu, mvuvi wa Maparoni, akaleta matumbawe mengine ndani ya mtungi. Akaufunika kanga, akawa anatia humo maji ya tangi, kikombe kimoja, anangoja, kisha kingine. Mimi nashindwa kukaa. Nilipopeleka mkono akaupiga kofi: "Mgeni hapapaswi. Mwache azoee maji."

Siku ya tatu tangini yakafunguka.

Basi punguza taa, mikono tia mfukoni. Lakini Idi, nawe umehamia huko juzi tu, na barua nzima hukutaja rafiki hata mmoja. Wewe nani anakutilia kikombe kikombe?

Bibi yako asiyetulia