Kutu Inatoka

Jumatatu, 3 Machi
Nimeanza jimu. Kaka alikufa usingizini, kwa moyo, akiwa na miaka arobaini na tisa. Mimi natimiza hiyohiyo mwezi ujao. Sitaki kumfuata. Kocha — wanamwita Chuma — anasema mwili unaliwa na kutu: hewa tunayovuta inazalisha chembe ziitwazo radikali huru, zinatafuna ndani kwa ndani. Dawa yake antioksidanti. Kaniuzia kopo zima la vidonge. Kutu naijua, nimeipiga msasa kwenye magari ya watu tangu ujana. Tumeelewana papo hapo.

Jumatano, 5 Machi
Shemeji muuguzi, dada yake mke wangu, kapita nyumbani. Kalisoma kopo, kaguna. Anasema radikali hizo mwili unazihitaji kidogo, ndizo zinazoishtua misuli ijijenge; ukizizima zote unajisumbua bure. Nile matunda na mboga, nianze polepole. Nikamwambia, shemeji, wewe choma sindano, kutu niachie mimi. Mke wangu hakucheka. Aliuliza kama naogopa.
Naogopa, ndiyo.

Ijumaa, 7 Machi
Kocha kasema leo mpaka miguu ikatae. Ikakataa! Nimechuchumaa na chuma mabegani hadi vijana wakanipigia makofi. Maji ukishayavulia nguo, huna budi kuyaoga. Ila ngazi nimezishuka kinyumenyume, nimeshika ukuta.

Jumamosi, 8 Machi
Mapaja yamevimba, magumu, suruali ya kazi haipandi. Lakini — chooni asubuhi mkojo umetoka kahawia! Rangi ileile ya maji niliyomwaga jana kutoka kwenye rejeta ya gari la mteja. Nimesimama nikautazama kwa furaha. Kutu inatoka! Nimeongeza vidonge viwili. Mke wangu sijamwambia, ataniharibia raha.
Nimempigia Kocha nimpe habari njema. Kasema ninywe maji mengi, na nisimtaje kwa mtu.

Jumapili, 9 Machi
Kichefuchefu. Maji nakunywa, hayatoki. Tangu jana jioni hata tone. Nikadhani kutu imekwisha.
Nimemweleza mke wangu, nikicheka. Kampigia dada yake, na sauti ya shemeji naisikia hadi hapa kitandani. Anauliza rangi. Anarudia kuuliza rangi. Kisha: "Hiyo siyo kutu, dada. Ni misuli yake mwenyewe imepasuka, inaziba figo. Mlete hospitalini sasa hivi, usingoje kesho."
Mke wangu kanivalisha viatu. Naandika ili nisiwaze. Gari lililopo uani ni lile la mteja, na rejeta yake nimeing'oa mwenyewe, iko mezani gereji. Mke wangu katoka hadi barabarani kusimamisha magari ya watu. Namwona dirishani. Moja limempita. La pili limempita.
La tatu limesimama. Ananiita: "Baba Pacha, toka!"
Nimejaribu kusimama. Miguu imekataa.