Mbegu za Mama Haziji Bomani

Kaka,

Mtu wako alifika hapa Njinjo jana. Alikunywa maji, akakaa mkekani, kisha akatoa ombi lako: nikutumie mbegu za maua yetu ya njano ya mwituni, maana Mjerumani wako anayataka mbele ya boma la Kilwa. Ati uliyoyapanda yameota majani matupu, na nimuulize mama kosa liko wapi. Kaka, huna haya.

Umevisahau vile vigae vitatu vya uani? Mama alitia kimoja udongo mwekundu wa kilimani, cha pili mweusi wa bondeni, cha tatu kichanga cha njiani. Mbegu zile zile, maji yale yale. Wewe ulikimbilia cheusi, ukanicheka, maana majani yako yalinipita magoti. Kichanga changu kilipochanua na chako kikabaki majani, ulinuna ukasusa ugali. Mama akakubembeleza: "Ua la mwitu halitaki kushibishwa, baba. Udongo mnono tuuachie mtama."

Basi ulilijua hilo tangu una meno ya utoto, na ndilo linalonichoma. Akida alipoamuru bonde lote lilimwe pamba, yeye alikuwa mgeni, hakujua bonde lile linatulisha. Wewe ulijua. Ulishika fimbo ya unyapara ukasimama kwenye mtama wa mama, uliokuwa umefika kifuani, ukasema, "Ng'oeni." Mama akakuuliza, "Hata huu wa kando, baba?" Ukamjibu kwamba amri ni amri. Aliung'oa kwa mikono yake, nawe ukimtazama.

Kisha vikaja vita. Watu walikunywa dawa ya maji wakaamini risasi hazitawadhuru, na wengi hawakurudi. Askari wakachoma maghala. Wewe ulikuwa bomani unakula wali. Sisi njaa ilitukuta na pamba, na pamba hailiwi. Tukaingia porini kuchimba ming'oko, vile viazi vya mwituni, mama akitangulia, na kila alichokipata alinisukumia mimi, akidai ameshakula. Nilikuwa mjinga, nilimwamini. Alifariki kabla ya masika. Mtu wako hakuyajua haya. Nilipomsimulia, nilimhurumia yeye kuliko wewe.

Hasira yangu haijapoa na sitaki ipoe upesi. Ati unayatilia maua samadi ya punda wa boma, kisha unashangaa. Jibu lake ulipewa ukiwa mtoto, mbele ya kigae chako.

Mbegu ninazo. Nilizimwaga juu ya kaburi la mama, kichangani, na mwaka huu maua yamechanua mpaka njiani. Sikutumii hata punje. Ukizitaka, njoo uzichume kwa mkono wako, na fimbo uiache huko huko.

Na ile shikamoo uliyomtuma mtu wako amfikishie mama, nimemrudishia aondoke nayo. Uje uitoe mwenyewe pale kaburini, usubiri marahaba.

Wasalamu,
nduguyo wa ziwa moja