Baba Mkwe Alimwambia Kuku

Sekela, acha unachofanya. Nimetoka Ngonga sasa hivi. Fundi mwenzetu Tumpe yamemkuta.

Leo alikuwa anamalizia kutandaza matofali ya pevingi uani kwa mwalimu Teodora. Asubuhi baba mkwe wake akaja kumtembelea jirani, akaketi palepale kwenye geti la mwalimu. Na Tumpe unamjua, mila ya mkwe haivunji. Hamtazami mzee, hasemi naye.

Sasa kamba ya kupimia mteremko inafungwa getini. Akaona heri akadirie kwa macho, huku amempa mzee mgongo.

Kwa macho, Sekela. Na pima maji ipo kwenye mfuko wake.

Mzee amejenga barabara miaka thelathini, kosa akaliona. Kusema na mkwe hawezi. Akamgeukia kuku aliyekuwa akidonoa pale uani: "Wewe kuku, mvua ikinyesha maji yote yataingia sebuleni."

Alimwambia kuku mara tatu. Tumpe akadhani ni uzee.

Saa nane mvua ikashuka. Kandambili za mwalimu zinaelea sebuleni. Mwalimu, mtu wa Tabora, mila hii haijui, anauliza, "Kweli hakuna aliyeliona hili?"

Mzee akamtafuta kuku kwa macho. Tumpe akajifunika kanga usoni.

Kuku alikuwa ameshahamia kwa jirani tangu asubuhi.