Mkia wa g Yangu
Likoni, Alhamisi, Agosti 1997

Na nilimwandikia kwa mkono wangu mwenyewe, A mpaka Z, kubwa na ndogo! Zuhura alisema ataka ukumbusho wa mwandiko wangu. Kumbe ni wa kutia kwenye kompyuta ya pale kazini kwake, wanapochapisha kadi.

Leo Bi Mwanaisha amenijia na kadi ya harusi ya bintiye. Nikaishika, nikaganda. Ile g ina mkia unaorudi nyuma kama herufi yaa ya Kiarabu, vile nilivyozoea tangu chuo cha Kurani. Hakuna mwengine aandikaye hivyo. Na kadi hiyo sikuiandika mimi.

"Nani amekuandikia, Bi Mwanaisha?"

"Si mtu, mwanangu, ni mashine. Zuhura asema herufi hizi amezibuni mwenyewe."

Mwenyewe! Na miaka yote hii ala kwangu, aniita dada. Wallahi sijui kesho nitamtazama vipi.

Bi Mwanaisha alitaka nimwandikie majina kwenye bahasha tu, yafanane na kadi. Nikaandika bahasha moja. Akaichukua, akaiweka kando ya kadi, akaitazama sana.

"Umejaribu, mwanangu," akasema. "Lakini herufi zake Zuhura hujazipata."