Picha ya Moshi wa Jirani Ilitoka Kwenye Kamera Yangu

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapasuka, maana tangu mkutano wa chama cha bustani silali, na mtu ninayemshuku ndiye ninayelala naye kitanda kimoja.

Mimi ni mwanamke wa miaka sitini na mmoja, nilikuwa msaidizi wa daktari wa meno hapa Aalborg, sasa nimestaafu na kazi yangu ni kupiga picha, na nikisema kazi sitanii, ingawa watu wakiiona kamera yangu hucheka kwa kuwa ni ndogo kama kisanduku cha miwani. Ile kubwa aliyoninunulia mume wangu Villy iko kabatini, kwa sababu ukiinyanyua tu kila mtu anavuta tumbo ndani na kutabasamu kama yuko harusini, lakini hii ndogo inakaa kwenye mfuko wa koti, naenda nayo kununua mkate, naenda nayo kituo cha basi, haivuti vitu vya mbali hivyo ukitaka kitu karibu unakwenda kwa miguu yako, nimeizima mlio na taa, betri ya akiba naiweka ndani ya sidiria maana baridi huimaliza upesi, na kila siku lazima nipate walau picha moja ya maana, mtu anasuuza sufuria, mtu anangoja, ua lililolemewa na theluji. Maktaba ilishazitundika picha zangu ukutani.

Chama hukodisha viwanja vidogo vya bustani, kila kimoja na kibanda chake, nasi tunacho kimoja, kama nusu ya mtaa wetu, na jirani yetu pale ni Preben, aliyekuwa fundi wa lifti. Mkewe alipomwacha mwaka jana nyumba ilibaki kwa mke, na sote tunajua analala kibandani, ingawa majira ya baridi kanuni za chama zinaruhusu kushinda pale mchana lakini kulala hapana. Tulinyamaza wote. Mimi nampelekea supu, yeye ananitengenezea bomba.

Sasa kwenye mkutano mwenyekiti wetu Bodil akawasha projekta, na ukutani ikatokea picha: kibanda cha Preben, theluji, na moshi ukipanda wima kama uzi. Bodil akasema, "Jamani, kibanda kitupu hakivuti sigara." Wengine wakacheka. Picha ile ni yangu, niliipiga Januari, adhuhuri, nikiwa kwenye baraza la kibanda chetu, nikiupenda tu ule moshi, na sikumpa mtu yeyote, lakini nguzo ya bluu ya baraza langu imo pembeni na kila mmoja aliiona. Preben aligeuka akanitazama tu. Kesho yake nilimkuta langoni nikamwambia, "Preben, si mimi."

Akanijibu, "Kamera yako, baraza lako, jicho lako. Basi nani, paka?"

Nikasema, "Haki ya Mungu sijui ilifikaje kule."

"Na ile supu? Ulikuwa unaniletea chakula au unahesabu vitanda?"

Mshauri, neno hilo bado linanichoma. Lakini nikikaa nikifikiri, anayehamisha picha kutoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta ni Villy peke yake, mimi na kompyuta hatupatani. Binti yetu Signe yuko kwenye foleni ya kupata bustani, ya Preben inapakana na yetu, na majira ya mapukutiko Villy alisema, "Pale Signe angependeza." Wakati ule nilicheka. Mkutanoni alikuwa anatazama viatu vyake. Siku hizi analaza simu kifudifudi, ameniletea maua mtu ambaye hajawahi, na juzi nilipomwuliza, "Bodil anakupigia?" alisema, "Bodil gani?" kana kwamba tunao kumi. Nimeficha kadi kwenye kopo la shayiri. Tena, naona aibu kukuandikia, nimeanza kumpiga picha Villy mwenyewe bila yeye kujua, anavyopokea simu, anavyofunga mlango, kisha naziangalia jikoni nikiukuza uso wake, na kila nikiukuza ndivyo unavyozidi kuwa wa mwongo.

Jumapili wanapiga kura Preben afukuzwe. Nikisema picha ni yangu, mimi ndiye mbeya. Nikimtaja Villy, nyumba imevunjika. Nikinyamaza, Preben atalala wapi na baridi hii? Au kamera niitupe majini yaishe?

Ragnhild, Aalborg

*

Ragnhild dada yangu,

Pole. Sasa keti vizuri, nina maneno na wewe.

Barua yako ilinifikia siku chache tu kabla ya Jumapili ya kura, kwa hiyo sikungoja gazeti lichapwe, nilikupigia simu, na kwa ruhusa yako nawasimulia wasomaji.

Kwanza nilikukaripia. Unamvizia mumeo kwa kamera ndani ya nyumba yako, na ulimi unao. Uso wa mtu ukiukuza ukiwa tayari umeshamhukumu, utakuonyesha unachokitaka. Pili, radhi unayodaiwa na Preben si ya supu, ni ya moshi. Hukumwuliza. Unajisifu kwamba kamera yako ni ndogo na watu huisahau. Basi kwa sababu wao huisahau, wewe ndiye wa kuwakumbusha. Mwenye kamera kubwa angalau anaonekana akija.

Nikakuamuru umwulize Villy mchana, mezani, kamera na kadi zikiwa katikati yenu. Ukamwuliza. Ukaniambia aliigeuzageuza kadi mezani, kisha akasema, "Nilimpelekea Bodil aitie kwenye kalenda ya chama. Nilitaka uione kwenye kuta za watu ushtuke. Ni picha nzuri kuliko zote ulizowahi kupiga."

"Mbona mkutanoni ulinyamaza?"

"Niliona aibu. Halafu kadiri siku zilivyokwenda ikawa ngumu zaidi."

"Na maua?"

"Ya aibu hiyohiyo."

Ukaniuliza kama namwamini. Nikakwambia namwamini robo tatu, na ile robo iliyobaki ni ya Signe. Ndipo nikasema binti aikatae bustani hiyo kwa mdomo wake mbele ya wazazi wote wawili, tuone. Signe alikubali palepale, wala hakuwa na habari nayo. Villy naye hakupinga, ila alichelewa kujibu, na wewe uliona. Mimi pia ningeona. Hilo utaishi nalo, dada, kama wake wengi wanavyoishi na robo yao.

Jumapili Villy alisimama wa kwanza akaeleza jinsi picha ilivyofika kwa Bodil na kwa ajili gani. Watu wakamgeukia Bodil. Kisha ukasimama wewe ukasema kile tulichokubaliana, bila kuongeza: "Niliipiga adhuhuri. Mchana kuwasha jiko ni ruhusa. Picha hii haijui Preben analala wapi."

Bodil akakuuliza, "Na wewe unajua?"

Ukamjibu, "Mimi hutembea humu kila siku na kamera mfukoni, Bodil. Najua ya wengi, na ya kwako yamo. Tuanze na nani?"

Hilo sikukushauri. Nilipolisikia nilicheka, kisha nikasikitika, kwa sababu tangu dakika ile hakuna mtu pale ambaye hatakushuku, na safari hii watakuwa na haki. Kura zilimbakiza Preben mpaka majira ya kuchipua, na kanuni itajadiliwa upya. Lakini ukaniambia alitoka ukumbini akakupita kama anavyopita mti.

Sasa sikiliza. Kamera usiitupe, ni kazi yako na unaiweza. Villy asiguse kadi tena. Jifunze kompyuta mwenyewe, mikono unayo. Picha ulizompiga kwa siri, mwonyeshe zote, kisha mzifute pamoja. Bustanini piga picha za watu baada ya kusema nao, na atakayekataa umwache hata kama mwanga ni mzuri kiasi gani. Kwa Bodil nenda ukayafute maneno yako, hata kama hutaki, na najua hutaki.

Na ile picha ya moshi, ichape moja tu, kubwa, umpelekee Preben mchana, bila supu. Mwambie kwenye kompyuta haipo tena, na isiwepo kweli. Iwe yake aifanye apendavyo. Akiitia kwenye moto wa jiko lake mbele yako, simama uitazame ikiungua mpaka mwisho, mikono yako yote miwili ikiwa nje ya mifuko.